Naomba ushauri: nafasi ya utafiti wa maabara wakati wa kiangazi kwa mwanafunzi wa biolojia

Mwanzisha uzi: Ndugu wanajukwaa, ninasoma biolojia, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na ninatamani kutumia likizo ya Juni hadi Agosti katika maabara ya utafiti, hasa inayochunguza jenetiki ya bakteria. Nimefanya mazoezi ya darasani tu: kuotesha bakteria, kutumia pipeti na kutenganisha DNA kwenye jeli. Je, mtu asiyewahi kufanya utafiti anaweza kufikiriwa?

Mchangiaji wa kwanza: Anza na masharti ya uraia na mwaka wa masomo, maana hayo ndiyo huwapotezea wengi muda. Mpango wa REU, yaani wa kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza uzoefu wa utafiti, unaogharimiwa tangu 1987 na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, hulipa posho kwa takriban wiki 10, lakini fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kama wewe si mmoja wao, tazama programu ya kiangazi ya Vienna BioCenter, kituo cha utafiti wa biolojia nchini Austria, au mafunzo ya OIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia huko Okinawa, Japani, kwani zote mbili hupokea waombaji wa mataifa yote. Programu nyingi za kiangazi hufunga maombi kati ya Januari na Machi.

Mchangiaji wa pili: Nimewahi kusoma maombi ya wanafunzi, na ninakuhakikishia kwamba kutokuwa na uzoefu si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Kinachoangusha maombi mengi ni barua inayosema mwombaji “anapenda sana sayansi” bila kutaja jambo lolote analotaka kulijua. Wewe tayari umetaja bakteria. Sasa soma makala moja ya maabara unayoilenga, polepole, hadi uweze kueleza ni jaribio gani lililothibitisha hoja yao na ni swali gani limebaki wazi, kisha uandike aya moja kuhusu swali hilo. Barua ya mapendekezo nayo iombe kwa mhadhiri aliyekuona ukifanya kazi kwenye mazoezi, hata kama hana cheo kikubwa.

Mwanzisha uzi: Nashukuru sana. Je, inafaa kumwandikia mkuu wa maabara moja kwa moja?

Mchangiaji wa pili: Kwa programu zenye mfumo wake wa maombi, fuata mfumo huo. Kwa maabara nyingine, hasa za chuo chako mwenyewe, andika barua pepe fupi, taja makala uliyosoma na tarehe unazopatikana, na ukikosa jibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili hivi. Kabla ya kukubali nafasi, uliza nani atakusimamia kila siku, kwa kuwa mara nyingi anayekufundisha ni mwanafunzi wa uzamivu wala si profesa, na uliza pia kama kuna posho na makazi.

Mchangiaji wa kwanza: Naongeza kwamba mhadhiri apewe angalau wiki tatu za kuandika barua, pamoja na nakala ya maombi yako.