Keneli ya Linux kwa PC ya Core 2 Duo, Raspberry Pi 4 na BeagleBone: .config moja inatosha?

barafu_mwaloni

Wakuu habari zenu. Nina mashine tatu zinazofuatilia joto kwenye vyumba vya barafu vya samaki, mbili ziko hapa Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, ya tatu iko Ukerewe kwa kaka yangu. Hapa Kirumba kuna PC ya zamani ya Core 2 Duo na BeagleBone Black, kule kisiwani ni Raspberry Pi 4. Zote zinasoma vipimajoto vya DS18B20 na kuandika kwenye faili, maana sangara akikosa ubaridi usiku asubuhi bei inashuka na hapo ndo kila mtu anataka kujua chumba kilianza kupata joto saa ngapi.

Sasa nataka nijijengee keneli (kiini cha Linux) ya 6.12 mwenyewe, iwe nyepesi, na niwe na uhakika ile draiva ya kuiwasha mashine upya ikiganda (watchdog) ipo kwenye zote tatu, kwa sababu Ukerewe si mahali pa kukimbilia, mpaka usubiri meli ya Nansio siku imeisha. Swali langu: naweza kutengeneza .config moja (lile faili la machaguo ya kujengea keneli) nikaitumia kote au kila prosesa na yake? Nitakompaili kwenye laptopu yangu ya i5. Bando nalo halitoshi kudownload source mara tatu.

fundi_nyakato

Mkuu, .config moja haiwezi kukaa kwenye zote tatu. PC yako ni x86_64, Pi 4 ina Cortex-A72 ya biti 64 kwa hiyo ni arm64, na Beagle ina AM3358 ambayo ndani ni Cortex-A8, ARMv7 ya biti 32, hiyo ni arm peke yake. Ukichukua .config ya PC ukaendesha make olddefconfig kwa ARCH=arm64 (ARCH ni aina ya prosesa unayoijengea), kila opsheni ambayo arm64 haina inatupwa na nafasi inajazwa na chaguo-msingi, na wala hupati kelele yoyote ya maana, unakuja kushtuka mashine haiwaki.

Angalia hilo hilo la kujiwasha upya. Kwenye PC ya Intel ni CONFIG_ITCO_WDT, kwenye Pi ni CONFIG_BCM2835_WDT, kwenye Beagle ni CONFIG_OMAP_WATCHDOG. Shida ni ile ile ila chip ya kuitatua kila bodi ina yake. Saa pia hivyo hivyo, PC ina betri yake na inatumia CONFIG_RTC_DRV_CMOS, Pi 4 haina saa kabisa, na Beagle inayo ndani ila bodi haina betri, umeme ukikatika tarehe inapotea, na rekodi ya joto yenye tarehe ya uongo haina kazi. Hizo mbili ziwekee DS3231, kidude cha saa chenye betri, draiva yake ni CONFIG_RTC_DRV_DS1307, jina lisikuchanganye, ndiyo hiyo hiyo.

Habari njema source ni moja. Chukua mti wa source wa Raspberry Pi, una Linux nzima ndani, x86 na arm zote zimo, na --depth=1 inakuepusha kushusha historia yote:

git clone --depth=1 --branch rpi-6.12.y https://github.com/raspberrypi/linux

Halafu kila mashine ipe folda yake kwa O= zisije zikagongana (defconfig ni machaguo ya kuanzia, CROSS_COMPILE ni kompaila ya prosesa tofauti na ya laptopu):

make O=../b-pc x86_64_defconfig
make O=../b-pi ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- bcm2711_defconfig
make O=../b-beagle ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- multi_v7_defconfig

Hiyo ARCH lazima uiandike kila mara, hata ukiingia menuconfig (menyu ya machaguo) tu kuchungulia. Ukiisahau kwenye folda ya Pi, make inadhani unajenga ya laptopu na inaiandika upya .config kwa x86. Mimi kila folda naiwekea skripti fupi yenye hiyo amri nzima, sitegemei kichwa. Na umeme ukikatika katikati ya kukompaili usiogope, rudia amri ile ile ya kukompaili itaendelea ilipoishia, ila usiguse make clean.

seva_nyegezi

Naongezea kwa fundi hapo juu. Usikae unahariri .config tatu kwa mkono, keneli mpya ikitoka utaanza upya kote. Yale unayoyataka wewe yaandike kwenye kifaili kidogo, tuseme vyumba.config, ukiweke ndani ya kernel/configs (y ni ndani ya keneli yenyewe, m ni moduli, faili la pembeni):

CONFIG_LOCALVERSION="-vyumba"
CONFIG_IKCONFIG=y
CONFIG_IKCONFIG_PROC=y
CONFIG_WATCHDOG=y
CONFIG_W1=m
CONFIG_W1_SLAVE_THERM=m
CONFIG_RTC_DRV_DS1307=m

Kisha kwenye zile amri za defconfig unaongeza vyumba.config mwishoni na inachanganywa humo humo. Yale ya bodi moja moja, kama watchdog tatu alizotaja fundi, yawekee vifaili vyake vingine vidogo. Ila ukimaliza usiamini tu, fanya grep (tafuta majina ya opsheni) kwenye .config ya kila folda, kwa sababu opsheni ikikosa kitu inachokitegemea inaondoka yenyewe bila kuaga. Hiyo IKCONFIG_PROC usiiache, inakuwezesha kusoma /proc/config.gz kwenye mashine inayotembea ukajua keneli iliyopo ilijengwaje, hata kama laptopu imeibiwa.

Jambo jingine ambalo watu wa PC wanalipita bila kuliona. PC inaieleza keneli vifaa vyake kupitia ACPI, bodi zako mbili za ARM haziwezi, zinahitaji faili la dtb, yaani ramani ya vifaa vya bodi. Keneli inaweza kuwa na draiva zote na bado kipimajoto kisionekane kwa sababu dtb haijasema kiko kwenye pini ipi. Kwenye Pi unaandika dtoverlay=w1-gpio na dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 ndani ya config.txt. Ya Beagle inaitwa am335x-boneblack.dtb, na tangu 6.5 iko arch/arm/boot/dts/ti/omap, maelekezo mengi ya zamani yanakupeleka folda ambayo haipo tena. Kwenye hizo mbili utahitaji CONFIG_W1_MASTER_GPIO. Kwa PC, kama unatumia kile kidude cha USB cha DS9490R, ni CONFIG_W1_MASTER_DS2490.

kigoto_linux

Kwa PC mimi ningeenda njia nyingine. Chukua config ya distro iliyopo /boot, chomeka kila kifaa cha USB unachotumia, halafu endesha lsmod > lsmod.txt (orodha ya moduli zinazotumika) uihamishie kwenye laptopu, kisha make O=../b-pc LSMOD=/njia/lsmod.txt localmodconfig. Inabakiza moduli zinazotumika tu, kukompaili kunapungua sana. Na humo ndani kwenye Processor family chagua Core 2 kabisa, CONFIG_MCORE2, keneli ijengwe kwa prosesa yako.

seva_nyegezi

localmodconfig sawa kabisa kaka, ila MCORE2 siioni faida hapa. Mashine inasoma joto kila baada ya dakika, hiyo tofauti ya kasi hataiona kamwe. Akiacha GENERIC_CPU na PC ikifa, anachomoa diski anaiweka kwenye PC nyingine ya biti 64, prosesa haitaigomea keneli. Kwa biashara ya samaki hilo lina thamani kubwa kuliko kasi. Cha muhimu zaidi, kama hatumii initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza kwenye RAM) basi CONFIG_SATA_AHCI na CONFIG_EXT4_FS ziwe y, zisiwe m, la sivyo ataonana na "VFS: Unable to mount root fs" maana moduli za kusomea diski zenyewe ziko ndani ya diski.

barafu_mwaloni

Wabeja sana wote, nimeelewa vizuri. Limebaki moja, hii ya Ukerewe. Naingia kwa SSH tu, yaani kwa mtandao kutoka mbali, keneli mpya ikigoma kuwaka nafanyaje?

fundi_nyakato

Pi 4 ina tryboot, njia ya kujaribu kuwasha mara moja, itumie. Keneli mpya, lile faili la Image, ipe jina lake mfano kernel-vyumba.img kwenye /boot/firmware, usiifute ya zamani. Moduli zitakaa folda yake chini ya /lib/modules kwa sababu ya ile LOCALVERSION. Nakili config.txt iwe tryboot.txt, humo andika kernel=kernel-vyumba.img na cmdline=cmdline-vyumba.txt, na kwenye hiyo cmdline mpya ongeza panic=10. Kisha:

sudo reboot '0 tryboot'

Inasoma tryboot.txt mara hiyo moja tu. Keneli ikipata panic (hitilafu inayoisimamisha), baada ya sekunde 10 inajiwasha na kurudi kwenye config.txt ya zamani. Ikiganda bila panic, mwambie kaka yako achomoe umeme na kurudisha, itarudi ya zamani vile vile, hahitaji kujua chochote cha Linux. Ukishaingia kwa SSH angalia uname -r, hakikisha /dev/watchdog ipo na vipimajoto vinaonekana chini ya /sys/bus/w1/devices, hapo ndo uhamishie kwenye config.txt. Ila anza na hizo mbili za Kirumba kwanza, ya kisiwani iwe ya mwisho.