Miche bora ya kungumanga: je, itakubali huku Kivu?

Swali, kutoka Bukavu

Ndugu wakulima, nawasalimu. Mwaka jana shemeji yangu alirudi kutoka Unguja akaniletea kungumanga 30, zile ambazo hapa sokoni Kadutu tunaziita muskadi, nami nikazipanda katika kitalu nyuma ya nyumba na kuzimwagilia kila jioni kwa miezi 4. Haikuchipua hata moja. Nilipofukua moja na kuipasua kwa kisu, ilikuwa imekauka kama kipande cha ubao, ingawa bado ilinukia vizuri. Sasa yupo mfanyabiashara anayetaka kuniuzia miche anayoiita bora, kwa bei inayopita mara nyingi ile ya mche wa kahawa. Shamba langu liko Kabare, na familia ya mume wangu ina ardhi Shabunda. Naomba mnieleze kosa lilikuwa wapi, na kama miche hiyo niinunue au niiache.

Jibu la 1

Mama, pole kwa kazi ya miezi 4. Hukukosea katika kumwagilia. Mbegu ya mkungumanga ikikauka hufa, na zile zinazouzwa kwa ajili ya chakula zimekwisha kuanikwa wiki kadhaa mpaka kokwa inagonga ndani ya gamba ukiitikisa. Ikifikia hapo haioti tena. Mbegu ya kupanda hutolewa katika tunda lililopasuka lenyewe mtini, ikavuliwa basibasi, yaani ule wavu mwekundu unaoikumbatia, kisha ikapandwa pamoja na gamba lake ndani ya siku chache, kivulini, katika udongo usiokauka.

Kuhusu miche bora, jambo kubwa ni kwamba mikungumanga ina madume na majike, kama mipapai. Lakini mpapai hujulikana baada ya miezi michache, ilhali mkungumanga uliotokana na mbegu huficha siri yake mpaka utoe maua, na hiyo ni miaka 5 hadi 8. Karibu nusu ya miche ya mbegu hutokea kuwa madume, na shamba linahitaji dume 1 tu kwa majike 10 hivi. Fikiri uchungu wa kupalilia miaka 7 mti ambao hautazaa. Ndiyo maana mche bora, kwa maana halisi ya neno, ni ule uliobebeshwa kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa na kuungwa juu ya mche wa mbegu, cha mti jike unaojulikana kwa kuzaa sana na kutoa basibasi nene. Aina ya Viswashree, iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa viungo ya Kozhikode katika jimbo la Kerala, India, huzalishwa kwa njia hiyo. Mwambie mfanyabiashara akuonyeshe kovu la kiungio kwenye shina. Likiwepo, muulize pia kikonyo kilikatwa wapi, kwa sababu kile cha tawi la pembeni hufanya mti utanuke kama kichaka, na kile cha chipukizi lililosimama hufanya mti urefuke.

Jibu la 2, kutoka Goma

Naongezea jambo la mwinuko, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Mti huu asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na umestawi Unguja, Pemba na Grenada, mahali penye joto la bahari na mvua nyingi isiyokatika kwa muda mrefu. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuwa kando ya ziwa hakutuondolei baridi ya usiku. Kabare, iliyo jirani na Bukavu, usipande, Mama. Shabunda iko chini ya mita 1,000, ndani ya msitu wenye mvua, na huko naona tumaini la kweli. Panda kwanza migomba ya kivuli, na uchague mahali ambapo maji hayatuami na upepo hauvumi kwa nguvu, kwa maana mizizi yake haiendi chini sana: mwaka 2004 kimbunga Ivan kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya Grenada.

Jibu la 3, kutoka Lubumbashi

Huku kwetu kiangazi huchukua karibu nusu ya mwaka. Nilipanda miche 2. Ilipofika mwezi wa nane majani yalikuwa yameungua kuanzia ncha, licha ya maji niliyoibebea kwa ndoo.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimekwenda kuitazama ile miche, nikaikagua mmoja mmoja: haina kovu lolote, hivyo sikununua. Je, shemeji akiniletea mbegu mbichi, inafaa kuanza nazo Shabunda?

Jibu la 1

Inafaa, Mama. Azifunge katika vumbi la mbao lenye unyevu, zisikauke njiani, na aulize mapema hati za afya ya mimea zinazotakiwa mpakani. Miti itakapotoa maua, acha madume machache ya kuchavusha. Mengine yakate juu, kisha chipukizi zitakazotoka uzibebeshe vikonyo vya jike lako lililozaa vizuri kuliko yote.