Mzee ana rufaa ya macho na figo, hospitali iko mwendo wa siku nzima. Tupange vipi safari moja itoshe?

Mjukuu_Mlezi:
Wadau, shikamooni wakubwa. Mzee wa miaka 78 ana presha na kisukari, anatumia vidonge pamoja na insulini ya usiku. Zahanati imeshauri aonwe na bingwa wa macho na figo zichunguzwe. Nini kifanyike huku huku kabla ya kupanda basi, asije akarudishwa na kuambiwa "njoo tena na vipimo"?

NesiRufaa:
Safari nyingi huharibikia kwenye barua ya rufaa. Ikiandikwa "haoni vizuri, aonwe", bingwa anaanza upya. Mwombeni mganga aandike jicho lipi, lilianza lini, kwa ghafla au polepole, dawa zote na dozi zake, matokeo ya vipimo na tarehe. Halafu swali lenyewe: ni mtoto wa jicho wa kupasuliwa, au ni kisukari kimegusa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga? Matibabu ya hayo mawili ni tofauti kabisa, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote.

Vipimo vya kufanya karibu na nyumbani: kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja, ikipanda huonyesha figo zinalegea), protini kwenye mkojo, na HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Kama alishapigwa picha, bebeni picha yenyewe au diski, si karatasi ya maelezo peke yake.

Pigeni simu kwanza. Kliniki za mabingwa huwa na siku zake. Ombeni macho na figo zifuatane. Macho yakitiwa dawa ya kupanua mboni, uoni hufifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo msindikizaji ni lazima na asipangiwe kusafiri jioni hiyo.

Kipande_cha_Chaki:
Muhimu asile kitu tangu jioni, akifika apimwe chochote. Na kidonge cha kukojosha aache siku ya safari, vyoo vya njiani mnavijua.

MfamasiaZamu:
Hapana mkuu, hilo la kwanza ni hatari. Insulini ya usiku bila chakula hushusha sukari. Mzee hutokwa jasho, hutetemeka au huchanganyikiwa, na watu husema ni uzee. HbA1c na kreatinini havihitaji kufunga. Kipimo kinachohitaji kufunga mtaambiwa na kliniki, na hapo muulize dozi ya insulini ya usiku huo iwe ngapi. Msindikizaji awe na mashine ya sukari. Ikishuka chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL), apewe gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai, kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe kituo cha karibu.

Kidonge cha kukojosha kisiachwe kimyakimya, hasa kama moyo una shida. Ulizeni kama kinaweza kusogezwa hadi baada ya kufika. Insulini isikae kwenye buti la gari wala isigusane na barafu. Ikishaganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka.

Dawa zote ziingie mfuko mmoja, na za asili, na zile za magoti zinazonunuliwa bila cheti. Diclofenac na ibuprofen huumiza figo na kupandisha presha, na ndizo wazee husahau kuzitaja.

NesiRufaa:
Naongeza daftari la presha la siku saba, asubuhi na jioni. Akae dakika tano, mkono ulale usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Kisha asimame, apimwe baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, iandikwe kwa kalamu nyekundu. Presha hupanda mbele ya daktari. Bingwa asiyeona daftari anaweza kuongeza dawa, mzee akarudi nyumbani akaanza kuanguka.

Mjukuu_Mlezi:
Asanteni sana. Na bingwa kwa simu ya video?

DaktariKijiji:
Inafaa kusoma majibu ya figo na kurekebisha dozi, mradi vipimo vimetumwa kabla. Kwa macho, video ya simu haionyeshi retina. Inahitajika kamera maalumu, ambayo baadhi ya vituo wanayo na picha hutumwa kwa bingwa. Ulizeni pia ratiba ya huduma za mkoba, huenda bingwa anakuja hospitali ya karibu. Uoni ukipotea ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, hiyo ni dharura, msisubiri tarehe ya rufaa.

Msiondoke hospitalini bila barua ya marejesho kwa zahanati: dawa ipi imeachwa, ipi imeanza, kreatinini irudiwe lini. Kabla ya kutoka mlangoni, ulizeni kama dawa mpya inapatikana huko kwenu, na kama haipo, mbadala wake uandikwe hapo hapo.