Hasira za bosi zinaleta dimareji, lawama tunabeba sisi

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, jina naliacha. Kila asubuhi, kabla mtu hajawasha kompyuta, kwenye kundi letu la WhatsApp ambalo bosi hayumo linaulizwa swali moja: "Mzee kaamkaje?" Mlinzi wa getini ndiye anayejibu maana yeye humwona wa kwanza. Akiandika "kanuna", ofisi nzima inabadilika. Faili lililokuwa linasubiri saini linarudi kwenye droo. Mwenye swali analimeza. Mwenye tatizo ndiyo kabisa, anangoja kesho.

Na kwenye kazi yetu kesho ina bei. Kontena likishashushwa, siku za bure za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, bandari inatoza, na kampuni ya meli nayo inadai dimareji yake, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, kila siku, mpaka kontena lake lirudi tupu.

Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, mgeni kazini lakini makini kuliko wengi, aligundua uzito ulioandikwa kwenye nyaraka za mteja hauendani na ule wa kwenye hati ya meli. Meli ilikuwa bado haijafunga gati. Wakati ule lilikuwa jambo la kumpigia simu wakala wa meli na kumwandikia muuzaji kule China. Akaenda kwa bosi na karatasi mkononi. Hajafungua hata mdomo, akaambiwa: "Na wewe umeniletea mkosi gani asubuhi yote hii? Toka." Akatoka, karatasi akairudisha kwenye faili. Hakuna aliyemshauri arudi, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye hajawahi kutolewa hivyo hivyo.

Tatizo likaibuka kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, imeshaingizwa. Forodha wakaisimamisha, mzigo ukakaa, tozo zikaanza kupanda. Mteja ni mama mwenye duka Kariakoo, alikopa ili alete ule mzigo. Alikuja akakaa kwenye benchi letu akauliza, "Wanangu, kama mlijua, si mngeniambia?" Ungemjibu nini mama wa watu? Na bosi akafanya nini? Akamwita yule kijana mbele ya kila mtu, mteja akiwa pale pale, akamfokea kwa nini alificha. Alificha! Kisha akampa barua ya onyo.

Hapo ndipo nilipochoka. Tumezoea kusema "ndivyo alivyo, mzoeeni", kana kwamba kununa kwa mkubwa ni jambo lake na nafsi yake. Mimi nikinuna, anayeumia ni jirani yangu wa meza. Yeye akinuna, habari mbaya zote za ofisi zinasimama, na habari mbaya ikisimama inakua. Hajui kwamba anaongoza ofisi akiwa kipofu, kwa sababu waliotakiwa kuwa macho yake amewafundisha kunyamaza.

Najua watakuja wa kuniambia bila ukali watu hawafanyi kazi. Yule mzee akiwa na moyo mkunjufu, au akisafiri, mizigo inatoka haraka kuliko kawaida. Na hapo tunakesha, hatupumziki. Tofauti ni kwamba tunaulizana kwa sauti. Anayebahatisha kodi ya bidhaa anasema "sina uhakika na hii", mwenzake anamsahihisha, kadhia inaingia ikiwa sawa. Na huyu mtu kazi anaijua jamani! Vifungu vya ushuru anavyo kichwani. Ndiyo maana inaniuma zaidi, kwamba ujuzi wote ule haumfikii mtu kwa sababu kuufuata ni kujitafutia matusi.

Haya hayako kwetu tu. Miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani anayeitwa Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha zina mengi zaidi. Alipochimba akaona sababu: kule watu waliyataja makosa yao, kwingine waliyaficha. Ofisi ambayo bosi haletewi matatizo isimpe raha. Aogope.

Na tarehe 27 Machi 1977, pale uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa ndege moja, ya KLM ya Uholanzi, alikuwa mkufunzi mwenye jina kubwa kwenye shirika lake, na siku ile alikuwa na haraka, maana saa zake za kazi zilikuwa zinakaribia ukomo. Akaanza kuondoka bila ruhusa ya mnara. Sababu zilikuwa nyingi, hata mawasiliano ya redio yaliingiliana. Lakini fundi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani wa KLM, aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am ya Marekani, imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kwamba imetoka. Hakusema tena. Baada ya ajali kama ile, usafiri wa anga ulianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wadogo kusema. Kwenye maofisi yetu tunasubiri nini?

Nilikwenda kwa afisa utumishi. Akaniambia mzee ana mambo mengi, tumvumilie. Mambo mengi nani hana? Yule kijana ana mama mgonjwa Tabora na hajawahi kumfokea mteja.

Nimejaribu kupitia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza unyanyasaji, lakini imeufunga kwenye misingi ya ubaguzi: jinsia, kabila, dini, na kadhalika. Anayetukana wote sawasawa humgusi kirahisi. Kuna njia ya kuacha kazi na kudai kwamba mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, ukaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Ila wataangalia kama ulilalamika kwanza ndani ya ofisi, kwa hiyo ninyi mnaolalamikia korido, andikeni, na nakala mbaki nazo. Lakini mimi sitaki kuacha kazi. Nataka barua ya onyo ya yule kijana ifutwe, na mwenye kampuni ajue hela yake inakwenda wapi.

Kama kuna aliyewahi kumwandikia mwenye kampuni moja kwa moja, akimruka bosi wake, na bado yuko kazini, naomba aniambie alianzaje. Barua ninayo mezani, nimekwama kwenye aya ya kwanza.