Tupeane uzoefu: Uliyenunua dhahabu ukaja kuiuza, ulibaki na kiasi gani mkononi?

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Niko Tanga mjini, Chumbageni. Kila siku nasikia watu wakiambiana "weka hela kwenye dhahabu, haiozi", lakini sikutani na wanaosimulia siku walipoirudisha dukani. Siku ya kununua kila mtu anakaribishwa vizuri. Mimi nataka habari za siku ya kuuza.

Naanza na yangu. Mwaka 2018 nilipokea mchezo wetu wa kazini, nikanunua bangili tatu za karati 22, gramu 30 kamili, kwa shilingi 105,000 kila gramu. Jumla 3,150,000. Nilitoka dukani na furaha zangu, sikuuliza hiyo 105,000 imetoka wapi.

Hesabu yenyewe nimekuja kuijua baadaye. Wakati ule wakia moja kwenye soko la dunia ilikuwa inazunguka dola 1,250. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu ya dhahabu tupu ilikuwa dola 40 na kidogo. Karati 22 ni mafungu 22 kati ya 24, ndiyo maana zinapigwa mhuri wa 916, yaani sehemu 916 za dhahabu kati ya 1,000, basi unabaki na kama dola 36.8. Dola ilikuwa shilingi 2,280 hivi. Inakuja 84,000. Ile 21,000 niliyolipa juu yake kwa kila gramu ni ufundi wa sonara, kodi na faida ya duka, na hiyo ukishaitoa haikurudii. Ningelazimika kuuza wiki ileile, ningeacha pale zaidi ya laki sita.

Nimeziuza Machi 2025, mwezi ambao wakia ilivuka dola 3,000. Dola nayo ilikuwa juu ya shilingi 2,600, kwa hiyo gramu ya karati 22 ilikuwa inasogelea 230,000. Duka la kwanza mizani imegeuzwa upande wake, mimi naona mgongo tu. Akabonyeza kikokotoo, akasema, "185,000, dada yangu, na hiyo ni kwa kuwa wewe ni mtu wetu." Nikazikusanya, nikaondoka.

Duka la pili liko Ngamiani, mzee mmoja mtaratibu. Alifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akaisubirisha isome sifuri, ndipo akaweka bangili, akanigeuzia. "Soma wewe, mwanangu." Gramu 29.6. Nikashtuka, pointi nne zimekwenda wapi? Akanionyesha kwa kidole pale kwenye ukingo, pamelika na kuwa laini kama kipande cha sabuni. Bangili tatu kwenye mkono mmoja kwa miaka saba, zinasuguana, zinalana. Akanipa 212,000 kwa gramu, nikapokea 6,275,200. Tofauti na yule wa kwanza ni shilingi 799,200, na kutoka duka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika sita kwa miguu.

Haya, leteni yenu. Semeni gramu, karati, mwaka na mlichopata. Majina ya maduka tusiyataje.

Babu wa Korogwe
Hongera mwanangu, lakini vijana wasidhani dhahabu hupanda tu. Mimi nilinunua mwaka 2011, mwezi wa tisa, kila redio inazungumzia dhahabu. Wakia ilikuwa imevuka dola 1,900. Nilinunua mkufu na pete mbili, gramu 40, nikijua nimemwekea mjukuu ada ya chuo.
Ada ikafika mwaka 2015, mwishoni. Wakia imeshuka hadi kwenye dola 1,050 na ushee. Shilingi nayo ilikuwa imeanguka mbele ya dola, hiyo ikanipunguzia maumivu kidogo, maana mnunuzi wa hapa anahesabu dola kwanza ndipo ageuze. Hata hivyo nilipata pungufu sana ya nilichotoa, na sikuweza kungoja kwa sababu chuo hakingoji. Kingeningojea hadi 2020 ningecheka, maana Agosti ya mwaka ule ilivuka dola 2,000. Fedha yenye tarehe ya kutumika, wanangu, msiitie kwenye dhahabu. Mimi tangu siku ile ada naiweka benki.

Mtu wa Mikanjuni
Yangu inaniuma mpaka leo. Sikununua pambo, nilinunua vumbi. Walikuja vijana wawili, wakasema wanatoka machimbo ya Handeni, wana gramu 20 wanataka nauli ya haraka. Tulikutana chumba cha gesti. Wametia kwenye kichupa cha dawa, kizito, kinang'aa. Walinipimia kwa mizani yao. Nikatoa 1,800,000, nikajiona nimeokota.
Asubuhi nikampelekea sonara. Alimimina kidogo kwenye kigae, akadondosha tone moja la asidi. Povu likapanda, kijani kama majani ya mchicha yaliyochemshwa. Hakusema neno, alinitazama tu. Yalikuwa machicha ya shaba nyeupe na shaba nyekundu, yamefunikwa na dhahabu kidogo sana juu. Simu za wale vijana hazikupatikana tena.
Nilipokwenda kulalamika ndipo nikaelezwa kwamba hata ingekuwa dhahabu ya kweli, mimi ningekuwa na kosa. Dhahabu ghafi haiuzwi chumbani. Sheria ya Madini inataka leseni kwa anayenunua na kuuza, na tangu 2019 kuna masoko ya madini, la kwanza lilifunguliwa Geita, ambako dhahabu inapimwa na serikali inachukua mrabaha wake palepale. Kwa sisi wa kawaida, pambo lenye mhuri na risiti ndiyo njia. Nimeandika haya ili mwingine asipigwe kama mimi.

Sonara wa barabara za Ngamiani
Pole sana, ndugu wa Mikanjuni. Niseme upande wa pili wa meza, maana kazi hii nimeirithi kwa baba, naye kwa babu.
Mteja akileta pambo, kwanza nautazama mhuri: 375 ni karati 9, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni 22. Mhuri siuamini peke yake, mhuri hata mimi naweza kuupiga. Nachukua jiwe jeusi, nasugua pambo, linaacha mstari. Pembeni nasugua sindano yangu ya karati ninayoijua. Napitisha asidi juu ya mistari yote miwili kwa pamoja na kutazama upi unafifia kwanza. Jiwe linaona ngozi tu, kwa hiyo kitu kinene naomba ruhusa nikwangue kwa tupa mahali pasipoonekana. Maduka makubwa siku hizi yana mashine ya mionzi, lakini nayo inasoma juujuu.
Kipimo kingine ni cha maji, na hiki mnaweza kukifanya nyumbani mkiwa na mizani nzuri. Pima pambo kavu, kisha lipime likiwa limening'inia ndani ya maji. Gawa uzani mkavu kwa tofauti. Dhahabu tupu inatoa 19.3, karati 22 inatoa kama 17 na nusu au zaidi kidogo kutegemea kilichochanganywa, shaba nyeupe haifiki hata 9. Pambo lenye vijiwe au lililo wazi ndani litawadanganya, basi pimeni kwa bangili nzito na pete tupu.
Kwa nini tunakata bei? Mkufu una viungo mia, na kila kiungo kimechomelewa kwa lehemu iliyo chini ya karati 22. Nikiuyeyusha mkufu wa 22, mara nyingi unatoka chini ya hapo. Vijiwe navitoa kwenye uzani. Na kuna hatari ya mali ya wizi, ndiyo maana naomba risiti na kitambulisho, msikasirike. Anayenunua kwa ajili ya kuja kuuza anunue kitu kisicho na nakshi. Ule urembo unaoulipia mimi nautia kwenye moto.

Binti wa Makorora
Ahsante sana maalim sonara, na shukrani kwa dada mwenye mada. Yangu ni ya dini na ya hela kwa pamoja.
Mama yetu alikuwa na dhahabu za tangu ndoa yake, zimefungwa kwenye leso ndani ya kasha. Hakuwahi kuzipima. Mwaka juzi tukazipeleka, zikatoka gramu 112 za karati 22. Ukitoa kilichochanganywa, dhahabu tupu ni kama gramu 102, na nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ni gramu 85. Nyingi hazivaliwi, ni akiba. Shehe akatuambia zinatolewa zaka, asilimia 2.5 kila mwaka unaotimia. Mama alilia. Si kwa kuona uchoyo, ni kwa miaka iliyopita bila yeye kujua.
La pili: nilitaka kubadilisha seti yake ya zamani kwa mpya. Muuza duka akasema, lete ya zamani, ongeza laki sita, chukua hii. Shehe akanizuia. Dhahabu kwa dhahabu ni uzani sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, huwezi kutia nyongeza. Uza kwanza, pokea fedha yako, kisha nunua. Nikaona ni usumbufu, lakini nikafanya hivyo. Jamani! Aliponiambia bei ya kununua kwangu peke yake, ikawa 160,000 kwa gramu, na ile mpya ananiuzia 250,000, zote karati 22. Kwenye lile "ongeza laki sita" bei hizi mbili zilikuwa zimefichana. Nilichukua seti yangu, nikaenda kuiuza kwingine kwa 190,000. Kila shoga yangu nimemwambia: hata kama si Muislamu, usikubali kubadilishana. Mwambie akuhesabie fedha mkononi kwanza.

Baharia wa Deep Sea
Mimi nilinunua Dubai vipande viwili vya gramu 10, karati 24, mhuri 999.9, vimefungwa kwenye kadi ya plastiki yenye namba. Ufundi ni kidogo sana, nililipa juu ya bei ya dunia kwa asilimia chache tu. Nikaona nimewashinda wenye bangili.
Kuviuza Tanga ikawa kazi. Maduka matatu hawakuvitaka, wanaogopa tangsteni, metali ya bei ndogo, maana uzito wake unakaribiana na wa dhahabu na kile kipimo cha maji hakiishiki. Mmoja alitaka afungue kadi akwangue, nikakataa. Nikasafiri Dar es Salaam, huko nikauza kimoja na nikalipwa vizuri, lakini nauli, siku mbili na wasiwasi wa njiani navyo vina bei. Kingine nimekibakiza, risiti nimeikunja nyuma ya kadi.

Mama wa Pongwe
Mimi sina ya kuuza, nina ya kuibiwa. Nilikuwa nampa kila jirani habari ya herini zangu. Sina zaidi.

Mwenye mada
Pole mama wa Pongwe, na pole zote humu. Maalim, nimejaribu kipimo chako usiku huu. Mizani ya jikoni haikufaa, inasoma gramu nzimanzima, nimeazima ya jirani anayeuza viungo. Nimefunga pete ya marehemu bibi kwa uzi wa kushonea, nikaining'iniza kwenye bilauri ya maji. Kavu gramu 6.2, ndani ya maji 5.8. Tofauti 0.4, inanitolea 15.5, wakati ndani imeandikwa 916. Je, ni mizani yangu kutosoma vizuri, au niilete kesho uisugue kwenye jiwe?

Sonara wa barabara za Ngamiani
Kwa uzani mdogo hivyo, pointi moja ya mizani inakupeleka mbali. Tofauti ikiwa 0.35 tu, unapata 17.7, na hiyo ni 22 sawasawa. Njoo nayo baada ya Alasiri, mwanangu. Usiisafishe.