Kikundi cha ukoo: mkuyu wa mtoni

Shabani (Kimara, Dar): Shikamooni wazazi, na wengine habari za asubuhi. Huku bomba halijatoa hata tone tangu Jumatano. Leo nimenunua madumu sita, shilingi 500 kila moja. Mjomba, ile kodi ya shamba la mtoni imefikia wapi? Bibi anatakiwa kliniki tarehe 12.

Mjomba: Marahaba. Jamaa ametanguliza laki na nusu. Laki na nusu nyingine atatoa akishapanda kabichi. Anataka alime mpaka kwenye maji, aweke na pampu. Ameomba tuukate mkuyu, unamtilia kivuli.

Mama Mdogo: Mkuyu upi? Ule tunapochotea??

Mjomba: Huohuo.

Rehema: Shikamoo Mjomba. Naomba tusimame hapo kwanza. Ndiyo nimetoka mtoni sasa hivi.

Rehema: [Picha]

Rehema: Maji haya nimechota jana jioni, nikayaacha kwenye chupa usiku kucha. Hicho chekundu kilichokaa chini ni udongo, unene wa kidole. Na jamaa hajapanda hata mche. Amefyeka matete tu, ikanyesha mvua moja ya usiku.

Mama Mdogo: Ya Rabi. Na Bibi anakunywa hayo.

Rehema: Namchemshia na kuchuja kwa kitambaa. Ila dawa ya wadudu haiondoki kwa kuchemsha. Yule anayelima juu yetu nimemkuta kwa macho yangu akisuuza bomba la dawa palepale mtoni, povu jeupe linateremka kwenye ndoo zetu.

Shabani: Pole dada. Lakini hela ya kliniki tutaitoa wapi? Mimi ningekuwa nayo nisingeuliza.

Rehema: Kaka Shabani, hicho kijito kinaingia mto Ruvu. Ruvu inateremka mpaka Mlandizi, pale kwenye mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Maji ya Kimara yanatoka wapi?

Shabani: Ruvu Juu.

Rehema: Basi unanunua kwa dumu maji ambayo huku tunayafukuza. Mlima ukiwa na miti, mvua inazama ardhini, halafu inatoka kidogokidogo kwenye chemchemi hata kiangazi. Ukiuacha uchi, mvua yote inashuka kwa siku moja na udongo wake, kisha kiangazi mto unabaki mawe. Unakumbuka Oktoba 2022, ratiba ya mgao ilivyotangazwa Dar nzima? Mvua zilichelewa, na Ruvu ilikuwa imeshuka sana.

Shabani: Nakumbuka. Nilikuwa naamka saa nane usiku kukinga.

Mjomba: Rehema, mvua ikichelewa ni Mungu, si mkuyu wetu.

Rehema: Kweli Mjomba, mvua hatuna mamlaka nayo. Ila ikishanyesha, kinachobaki mlimani ni juu yetu. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nimepima kwa hatua zangu leo: zinaishia kwenye ule mwembe mkubwa, hatua 80.

Mama Mdogo: Kaka, ardhi ni ya ukoo wa mama na wewe ndiye uliyeishika. Hakuna anayekuvunjia heshima. Lakini Bibi ameulizwa?

Mjomba: Sijamuuliza.

Rehema: Nipo naye jikoni. Anasema nimwandikie maneno yake, sauti imemkauka.

Rehema: Bibi anasema: "Mwaka 1955 nilikuwa mtoto. Watu wa Matombo, huku Uluguru, walikataa matuta ya ngazi ya Mzungu mkoloni kwa sababu waliswagwa kuyachimba, tena kwenye udongo ambao haukuyataka. Mto hatukuukataa. Mama yangu alinikataza hata kuokota kuni chini ya mkuyu ule. Kliniki nitakwenda kwa bodaboda. Mkuyu msiuguse."

Mjomba: 🙏🏾

Mjomba: Nimemsikia mama. Sasa laki na nusu ya watu nishaipokea.

Shabani: Mjomba, mwambie alime kuanzia mwembeni kwenda juu tu, na kodi ishuke iwe laki mbili. Hiyo laki inayopungua, mimi natoa hamsini mwisho wa mwezi.

Mama Mdogo: Hamsini yangu natuma leo, ya kliniki isingoje.

Rehema: Na asilime kwa kushuka na mteremko, atengeneze matuta ya kukinga mteremko, apande majani ya ng'ombe kwenye kingo. Bomba la dawa asuuzie shambani kwake. Akitaka kumwagilia achote kwa ndoo, kwa pampu tusimruhusu kabla hajaenda ofisi ya maji ya bonde la mto kuomba kibali.

Mjomba: Hayo nitamwambia yote. Akikataa?

Mama Mdogo: Akikataa tunamrudishia chake. Nitaongeza.

Shabani: Na mimi kuna kazi huku. Mtaani kwetu bomba la chini limepasuka karibu na gereji, siku maji yakitoka yanamwagika barabarani tangu mwezi uliopita, kila mtu anadhani mwenzake ameshapiga simu. Napiga sasa hivi.

Mjomba: Nimerudi. Jamaa amekubali kuanzia mwembeni, kodi laki mbili. Kuhusu pampu amenuna, ila ameibeba kwenye pikipiki.

Rehema: Ahsante sana Mjomba. Matete yaliyofyekwa yana mizizi bado, yatachipua. Pale palipobaki wazi nimepata miche minne ya mikuyu, naipanda kesho asubuhi.

Mjomba: Nisubiri, nakuja na jembe.