Uanagenzi wa wasaidizi wa walimu Uingereza: mafunzo, au kazi ya bei poa?

Wakuu, habari za jioni.

Juzi dada mmoja kaniuliza kama binti yake wa miaka 18 aingie shuleni kuwa msaidizi wa mwalimu kwa njia ya uanagenzi, hapa hapa England. Nikamwambia aingie, na kabla sijameza mate nikamwambia asubiri kwanza. Naileta kwenu tuijadili.

Kwa asiyeujua utaratibu: shule inakuajiri kwa mkataba, unashinda darasani na watoto, huku unasomea cheti cha ngazi ya 3 (kiwango kama cha kidato cha sita) kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Ada hulipi. Mwishoni anakuja mtathmini wa nje, anakutazama ukiwa kazini, kisha mnakaa mnazungumza juu ya jalada la kazi zako. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza kwenye malipo. Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kiliwekwa pauni 7.55 kwa saa, na cha mtu wa miaka 21 na kuendelea pauni 12.21. Hicho kidogo kinamhusu aliye chini ya miaka 19, pia yeyote aliye mwaka wa kwanza wa uanagenzi, hata kama ana miaka 40 na wajukuu. Halafu wasaidizi wengi hulipwa kwa wiki za masomo tu, likizo ndefu unaisikilizia mfukoni.

Mimi nilianza uanagenzi huu 2023. Kanuni ya wakati huo ilisema saa 6 kwa wiki za kujifunza, ndani ya saa za kazi. Zangu ziliwekwa Jumatano kutwa, kwenye chumba cha kuhifadhia karatasi, na kompyuta ya kuazima. Sikumbuki Jumatano tatu mfululizo zilizopita bila mlango kugongwa: "Samahani, fulani hayupo leo, utusaidie kidogo?" Kidogo hicho kilikuwa mpaka kengele ya kuondoka. Jalada langu nimeliandikia jikoni kwangu, usiku.

Sisemi mafunzo hayana faida. Kuna siku nilikuwa na mtoto wa miaka 7 anatoa 38 kwenye 52. Kakwama, nami nikashika penseli yake na kumalizia. Mkufunzi alikuwa nyuma yangu. Baadaye akaniuliza, "Nani kajifunza pale?" Akanifundisha nihesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Kesho yake nilipofika saba, mtoto akasema mwenyewe: "Ngoja, nikope kumi." Jambo hilo nisingelipata kwa kusoma tu.

Kwa hiyo msimamo wangu: uanagenzi ubaki, ila shule inayomhesabu mwanagenzi kama mtu kamili kwenye ratiba imlipe kama mtu kamili.

*Jibu, kutoka kwa aliye upande wa uongozi wa shule:*

Mkuu, umeongea vizuri ila umeegemea upande mmoja. Sheria ya England haimdai msaidizi wa mwalimu cheti chochote, kila shule inajiamulia. Ningeweza kumchukua mtu bila kumsomesha na kusingekuwa na kosa. Kima hicho cha mwanagenzi ni sakafu tu, wapo wanaolipa zaidi. Na tozo ya uanagenzi ya tangu 2017, asilimia 0.5 ya mishahara kwa mwajiri ambaye mishahara yake inapita pauni milioni 3 kwa mwaka, inakatwa tutake tusitake. Lakini pesa ile inalipia mafunzo na tathmini, haigusi mshahara. Ukinilazimisha kulipa kima cha mtu mzima kuanzia siku ya kwanza, nitamchukua mwenye uzoefu, na binti wa huyo dada atabaki nje.

*Jibu, kutoka kwa mzazi:*

Mnabishana pesa, mmemsahau mtoto. Wangu ana mahitaji maalumu, na anayekaa naye karibu siku nzima ni msaidizi, si mwalimu. Ule utafiti mkubwa wa 2003 hadi 2008 uliofanyika kwenye shule za England na Wales ulionyesha kuwa watoto waliosaidiwa sana na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao. Watafiti hawakuwalaumu wasaidizi. Walisema hawakuandaliwa, na walimu wengi nao hawakufundishwa namna ya kufanya nao kazi. Sasa mkimgongea mlango anapojifunza, anayelipa ni mwanangu.

*Mwanzisha mada:*

Dada mzazi, hapo umenishika, maana ile penseli niliyomnyang'anya mtoto ndiyo hasa walichokiona wale watafiti: kazi inaisha, mtoto hajajua kitu. Kaka wa uongozi, nakubali kuwa sakafu si dari. Ila hujajibu kuhusu mlango. Ukimchukua kwa bei ya mwanafunzi, mpe na saa za mwanafunzi. Akikosekana mtu Jumatano, mwite msaidizi wa akiba kama ambavyo ungemwita mwalimu wa akiba mwalimu akikosekana, na hizo gharama zihesabiwe kwa shule, si kwa usingizi wa mwanagenzi.

Yule dada nimeshampigia tena. Nimemwambia binti, kabla ya kusaini, aombe kuonyeshwa ratiba: saa za kujifunza ziko siku gani, chumba gani, na akiitwa darasani zinafidiwa lini. Wakisema "tutaona", aniambie.